Kabla sanduku halijavuka mlango: mwongozo wa kuchagua na kupokea nyaraka

Asubuhi moja kijana wa bodaboda alisimama mbele ya chumba chetu cha nyaraka jijini Mwanza, akashusha sanduku la bati lililofungwa kwa kamba ya katani, akasema, "Nimeambiwa nilete hapa," akachukua nauli yake, akageuza pikipiki kurudi Kirumba. Nilifurahi kama mtoto. Ndani mlikuwa na leja nne za chama cha msingi cha pamba, stakabadhi zilizotungwa kwenye waya, na bahasha ya picha. Leja zilikuwa na majina ya wakulima, kilo za pamba safi, kilo za pamba fifi, na fedha walizolipwa. Kilichokosekana ni jina la chama. Majalada yalikuwa yameliwa na mchwa pamoja na kurasa za mwanzo. Hadi leo sijui leja zile zinatoka kijiji gani. Na dawa ilikuwa kumwambia kijana maneno manne: "Subiri kwanza, mpigie aliyekutuma."

Kosa lilikuwa langu, na ndilo lililonifundisha kwamba kazi kubwa ya hifadhi hufanyika mlangoni. Ukishapanga vitu kwenye rafu, unatunza tu ulichokubali. Mwongozo huu nimeuandika kwa watu wanaoshika kazi hii huku kwetu bila kuwa na jengo wala bajeti: katibu wa parokia mwenye kabati la vitabu vya ubatizo, mwalimu aliyepewa ufunguo wa stoo ya shule, kikundi cha ngoma kinachotaka kutunza daftari za nyimbo, ukoo wenye masanduku ya babu, chama cha ushirika chenye stoo iliyofungwa miaka yote.

1. Andika kwanza unachokusanya

Ukurasa mmoja unatosha. Usipouandika, utapokea kila kitu kwa aibu, maana ni vigumu kumkatalia mzee aliyepanda kivuko kutoka Ukerewe na mzigo kichwani. Ukiwa na ukurasa uliobandikwa ukutani, anayekataa ni ukurasa.

Sema mambo manne: eneo, kipindi, aina ya vitu, na usivyopokea. Mfano: "Tunakusanya nyaraka, picha na sauti zinazohusu maisha na kazi za watu wa mwambao wa kusini mwa Ziwa Victoria, kutoka kwa watu binafsi, vikundi na vyama. Hatupokei vyombo, ngoma, mavazi, vitabu vilivyochapishwa wala magazeti yasiyo na maandishi ya mkono."

Sehemu ya usivyopokea ndiyo itakayokuokoa, na kila usichopokea kitafutie pa kwenda. Mwenye kigoda, ngao au ngoma ya kale mwelekeze Bujora, kule Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Mwenye vitabu aanze na Maktaba ya Mkoa. Mwenye mafaili ya serikali tutamzungumzia hapa chini. Jifunze pia nani tayari anashika nini, usije ukaanza kutafuta upya kitu ambacho kipo. Karatasi za Hans Cory, yule Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni na kuandika sana kuhusu Wasukuma, ziko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayezitaka mwambie hivyo, umwokolee nauli ya kuzunguka Mwanza nzima.

2. Nenda zilipo, na uziangalie kabla hazijaguswa

Mtu akikupigia kwamba ana karatasi za zamani, jambo la kwanza la kumwambia ni: "Usizipange, usizipanguse, usitupe kitu. Nakuja." Watu wetu ni wasafi. Ukiwapa siku tatu watakuwa wamezikung'uta, wamezitenganisha barua na picha, wamezifunga kwa mipira ya mkono, na zile "chafu" zimewashia jiko.

Tunalinda nini? Mpangilio wa mwenyewe. Barua iliyochomekwa kwenye leja ya mwaka 1962 ilichomekwa kwa sababu. Ukiitoa, imebaki barua tu. Nyaraka hutunzwa kwa kufuata chimbuko lake: za mtu mmoja, familia moja au chama kimoja hukaa pamoja, na hukaa kwa mpangilio alioziachia. Usichanganye picha za Butimba za watu watatu tofauti kwenye albamu moja eti kwa kuwa zote ni za Butimba.

Kwa hiyo ukifika, kabla hujafungua, piga picha kwa simu: sanduku lilipo, likiwa limefungwa, kisha limefunguliwa, kisha kila tabaka unaloinua. Picha ishirini hazigharimu kitu.

Halafu kaa chini uulize. Nitasimulia ziara moja maana ndiyo iliyokwenda vizuri kuliko zote. Bibi mmoja wa upande wa Nyegezi alikuwa na mkoba wa ngozi wa marehemu mumewe, aliyekuwa karani wa mizani. Tulisalimiana, shikamoo, marahaba, tukanywa chai, tukazungumza mvua. Hatukugusa mkoba kwa nusu saa. Nilipouliza kwanza, "Bibi, hizi ni za nini?" alijibu, "Ni za kazi, mwanangu," na akanyamaza. Swali lilikuwa kubwa mno. Nikachukua karatasi moja, nikamwonyesha. "Hii nayo?" Akaisogeza mbali na macho, akacheka. "Hiyo ni siku waliyogombana kwenye mizani. Unaona hapa alivyokandamiza kalamu?" Karatasi ilikuwa na tundu pale nukta ilipowekwa. Kuanzia hapo nilikuwa natoa karatasi moja moja na yeye anasema. Saa mbili za sauti kwenye simu yangu zina thamani kuliko nusu ya mkoba.

Maswali ninayohakikisha yamejibiwa kabla sijaondoka ni haya. Nani alizitengeneza, na alikuwa nani wakati huo? Zilikaa wapi tangu hapo, na nani mwingine alizishika? Kuna zilizotolewa, kuungua au kupotea? Watu kwenye picha ni akina nani, kuanzia kushoto? Kuna kitu humu ambacho hungependa jirani akisome? Na la mwisho, ambalo wengi husahau: jina la mahali wakati ule lilikuwa lipi?

Hilo la mwisho si dogo. Watu walihamishwa katika operesheni ya vijiji vya miaka ya 1970, na majina mengi ya makazi yakabaki vichwani mwa wazee tu. Mipaka nayo inatembea: Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza mpaka 2012 ilipokuwa mkoa. Karatasi inayosema "Geita, Mwanza" haijakosea. Andika yote mawili, jina la wakati ule na la sasa.

3. Hakikisha anayetoa anaweza kutoa

Hapa ndipo ugomvi huzaliwa, kwa hiyo usione haya kuuliza.

Nyaraka za familia: mwenye ufunguo wa sanduku si lazima awe mwenye sanduku. Marehemu akiwa ameacha watoto sita, na anayekuletea ni wa mwisho anayeishi mjini, uliza kama wengine wanajua. Mimi huomba ndugu wawili watie saini, mmoja akiwa mkubwa. Nimewahi kukabidhi tena mzigo mzima baada ya kaka mtu kutokea na mjumbe wa nyumba kumi. Tangu hapo sichukui kitu msibani, hata kikitolewa kwa moyo mweupe. Subiri arobaini ipite.

Nyaraka za kikundi au chama: mwenyekiti hatoi peke yake. Dai nakala ya muhtasari wa kikao kilichoamua. Vyama vya ushirika vina kitendawili chake: vilivunjwa mwaka 1976, sheria ya 1982 ikavirudisha, na katikati hapo makarani wengi walibeba leja nyumbani ili zisipotee. Waliziokoa, lakini kuziokoa si kuzimiliki. Kama chama kipo bado au kina mrithi, kizungumze nacho kwanza. (Leja inayokatika ghafla mwaka 1976, basi, usidhani karani aliishiwa wino.)

Nyaraka za serikali: usipokee. Faili lenye mhuri wa ofisi ya mkuu wa wilaya, hata kama mstaafu amelala nalo chini ya kitanda miaka thelathini, ni waraka wa umma, na nyaraka za umma zinasimamiwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002 chini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Andika ulichokiona na kilipo, uwasiliane na Idara. Usimtishe mzee wa watu kwa maneno ya sheria. Ukimtisha atachoma, na wewe utakuwa umechangia. Mwambie tu kwamba faili lina kwao.

4. Thamini: nini kibaki, nini kisiingie

Mabwana wawili waligombania jambo hili. Mwingereza Hilary Jenkinson, mwaka 1922, alishikilia kwamba mtunza nyaraka hana ruhusa ya kuchagua; akichagua, anaharibu ushahidi. Mmarekani Theodore Schellenberg, mwaka 1956, akiwa mbele ya mlima wa karatasi za serikali ya nchi yake, alisema usipochagua utazama, na akatoa vipimo viwili: waraka unathibitisha nini kuhusu aliyeutengeneza, na una habari gani kuhusu watu, vitu na matukio. Mwenye chumba kimoja chenye rafu mbili hana pa kujificha kwa Jenkinson. Lakini ninapochagua huwa namkumbuka, mkono unakuwa mzito kidogo kutupa, na uzito huo unasaidia.

Tuchukue mfano halisi tuutazame kwa karibu: stoo ya chama cha msingi cha pamba. Utakuta leja za wanachama, daftari za mizani, stakabadhi za malipo kwa maelfu, mihtasari ya mikutano, barua na chama kikuu, mabango ya bei, madaftari matupu, kalenda, na risiti za mafuta ya lori.

Mihtasari hubaki yote, hata ile iliyoandikwa na katibu mvivu mistari minne. Humo ndimo watu walipogombana. Barua na chama kikuu hubaki. Ukikuta zenye kichwa cha Shirikisho la Victoria, lile la vyama vya ushirika lililoanzishwa 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, ziweke juu ya meza na uite mwenzako azione. Leja za wanachama hubaki: jina, namba, kilo, mwaka. Mjukuu anayetafuta jina la babu yake atalikuta hapo kabla hajalikuta mahali pengine.

Stakabadhi ndizo zinazoumiza kichwa. Kila stakabadhi inarudia kilichoko kwenye leja. Ukizichukua zote zitajaza rafu. Ukiziacha zote umepoteza kitu, maana nyuma ya stakabadhi ndipo karani alipoandika "amechukua mke wake" au alipopiga hesabu ya deni la mbegu. Uamuzi wangu ni huu: mwaka ambao leja yake imepotea, chukua stakabadhi zote. Mwaka ambao leja ipo, chukua zote za mwaka mmoja katika kila mitano, na uongeze kila yenye maandishi nyuma. Kwa hiyo lazima mtu azigeuze zote, moja baada ya nyingine. Kazi hiyo inachosha, na hakuna njia ya mkato. Kisha andika kwamba ulifanya hivyo na kwa kanuni ipi, asije mtafiti akadhani mwaka 1967 wakulima walikuwa kumi na mmoja.

Madaftari matupu na kalenda zisizo na maandishi usichukue. Risiti za mafuta, chukua bunda moja la mfano.

Kwa vitu vingine najiuliza: kuna mahali pengine habari hii ipo? Inasomeka? Inawahusu watu ambao kwa kawaida hawaandikwi? Swali hilo la tatu kwangu lina uzito wa mawili. Daftari la mama wa soko la samaki la Mwaloni anayeandika nani amekopa debe ngapi za dagaa ni jembamba, lina harufu, na limeandikwa kwa penseli. Hotuba ya mgeni rasmi iliyopigwa chapa vizuri ina nakala katika ofisi tano. Nafasi ikiwa moja, nachukua daftari la dagaa.

Kuna swali la gharama pia, nalo liulize mapema. Kanda za sauti ambazo huna mashine ya kuzicheza, filamu inayonuka siki, mkanda wa video ulioshika ukungu: je, una uwezo wa kuvitunza, au unavipokea vife mikononi mwako? Harufu ya siki maana yake filamu imeanza kuoza na itaambukiza nyingine. Filamu na negativu za kabla ya miaka ya 1950 zinaweza kuwa za nitreti, aina inayowaka kwa ukali na isiyozimika kirahisi. Hizo usiziingize ndani kabisa. Tafuta ushauri wa wataalamu kwanza.

Kuhusu kununua: sinunui. Ukilipa elfu kumi kwa picha moja Jumatatu, Jumatano utakuwa na foleni mlangoni, na baadhi ya picha hizo zitakuwa zimetolewa kwenye albamu ya shangazi bila shangazi kujua.

5. Vitakavyofungwa

Miaka ya mwanzo ya 1980 sungusungu walienea usukumani kote, na vikundi vingi vilikuwa na makatibu. Niliwahi kuonyeshwa daftari la mmoja wao. Kurasa za mbele: michango, zamu, ng'ombe waliopatikana. Kurasa za nyuma: majina ya wanawake, umri, na faini walizotozwa kwa "kushukiwa," yaani kushukiwa uchawi. Kila msomaji wa huku anajua kushukiwa kulikuwa na maana gani na wengine kuliwafikisha wapi. Wajukuu wao wanaishi vijiji vilevile, pengine jirani na wajukuu wa waliowatoza.

Je, daftari kama hilo lipokelewe? Ndiyo, maana likipotea uovu wenyewe unapotea na aliyeutenda anabaki msafi. Lakini hupokelewa likiwa limefungwa, kwa tarehe, kwa maandishi. Usiandike "siri." Andika "halisomwi hadi Januari 2060, isipokuwa kwa ruhusa ya kamati," na uandike sababu. Neno "siri" lisilo na tarehe halina mwisho, na siku moja atakuja mtunzaji mwingine atakayelifungua au kulichoma kwa kutojua.

Kundi hili lina pia kadi za wagonjwa, mashauri ya ndoa, orodha za wadaiwa na barua za toba. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, habari za watu walio hai zina kanuni zake, na za afya zimewekewa ulinzi zaidi. Nyaraka za umma kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30. Kwa za watu binafsi mimi hukadiria maisha ya aliyetajwa, naongeza.

Picha za MV Bukoba huletwa pia. Meli ilizama 21 Mei 1996, na ziko nyumba nyingi mjini hapa zenye bahasha ambayo haifunguliwi. Za meli, za bandari na za mazishi ya Igoma tunapokea kwa kawaida. Za miili tunapokea tu kutoka kwa familia yenyewe, na hatuzionyeshi.

6. Hati ya makabidhiano

Usipokee hata bahasha moja bila hati. Iandike kwa Kiswahili chepesi, uisome kwa sauti mbele ya mtoaji, mwanafamilia mwingine akisikia. Yangu inasema hivi:

"Mimi ……, mkazi wa ……, nakabidhi kwa …… vitu vilivyoorodheshwa nyuma ya hati hii. Nakabidhi kama: (a) zawadi ya kudumu, (b) amana, itakayorudi kwangu au kwa …… ifikapo ……, (c) kwa kunakiliwa tu, na asili zirudi kwangu ifikapo ……. Nilizoandika au kupiga mwenyewe, hakimiliki yake: nahamisha / nabaki nayo na naruhusu zitumike kwa utafiti na elimu. Visisomwe hadi ……: ……. Vitakavyoonekana havihitajiki: nirudishiwe / vipelekwe kwingine / viharibiwe."

Kipengele cha mwisho ndicho watu husahau. Bila hicho kila karatasi tupu uliyobeba kwa bahati mbaya ni deni.

Amana naikwepa. Utatumia miaka kuzitunza, kuzinakili, kuziorodhesha, kisha mjukuu anazichukua kwenda kuziuza. Kama familia haiko tayari kutoa, chukua (c): nakili, rudisha, bakieni marafiki.

Hakimiliki inachanganya wengi. Anayeshika barua si mwenye maneno yaliyomo. Haki ya maneno ni ya aliyeyaandika, na baada yake warithi wake, kwa miaka 50 tangu afe, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Bibi wa Nyegezi anaweza kukupa barua alizoandikiwa mumewe. Ruhusa ya kuzichapisha hawezi kukupa. Nyimbo za ngoma nazo zitazame hivyohivyo: daftari la manju wa Bagika au Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, lina nyimbo alizotunga mwenyewe, alizopokea, na pengine mambo ya dawa ambayo kikundi hakitaki yasikike nje. Muulize akuoneshe mpaka uko wapi.

7. Karantini

Hakuna kinachoingia chumba cha nyaraka siku kilipofika. Tenga chumba kingine, kona ya baraza iliyozibwa, hata kabati la peke yake mbali na mengine. Wiki mbili ni kiwango cha chini.

Hewa yetu ya ziwani ina unyevu, na unyevu ukizidi asilimia 65 hivi ukungu unapata nguvu. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipopanda kuliko ilivyowahi kupimwa kabla ya hapo, nyumba za ufukweni ziliingiliwa, na karatasi zilizolowa wakati ule bado zinaletwa, zimeganda kama tofali. Zilizoganda usizibandue kwa nguvu. Zenye ukungu vaa barakoa, ziweke kivulini penye upepo mpaka ukungu ukauke uwe unga, kisha upanguse nje kwa brashi laini. Jua kali hapana. Na mtu akikupigia kwamba zimelowa leo, nenda leo: ukungu huanza ndani ya siku mbili.

Mchwa, mende, samaki-fedha (wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokula karatasi): gonga kila daftari kwa upole juu ya karatasi nyeupe, uangalie kinachodondoka. Unga mpya kesho yake mahali palepale maana yake kuna mwenyeji. Dawa nzuri ni baridi. Funga karatasi kwenye nailoni nzito isiyopitisha hewa, ubandike utepe kila upande, uweke kwenye friza lenye nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, ukitoa acha bila kufungua saa 24 ili unyevu ugande nje ya nailoni na si kwenye karatasi. Picha za vioo, kanda za sauti na za video zisiingie humo. Mjini hapa kila friza lina sato, kwa hiyo ongea na mwenye nalo vizuri. Naftalini, dawa ya kupuliza na mafuta ya taa usitumie. Vinawadhuru wasomaji na karatasi kuliko mende.

Mipira ya mkono, pini zenye kutu na waya wa stakabadhi viondolewe hapa, kila kimoja kikishapigwa picha kilivyokuwa.

8. Daftari la mapokezi

Nunua kaunta buku nene, lenye kurasa zilizoshonwa. Kompyuta itafuata, ila daftari halizimiki umeme ukikatika. Kila mzigo unapata namba: mwaka, mkwaju, zamu yake. Ukubwa wake usiujali. Bahasha moja yenye picha moja ni mzigo kamili.

Hivi ndivyo mstari wa mkoba wa bibi ulivyoandikwa, majina yakiwa yametolewa:

"2021/9. Ulipokelewa tarehe 14 Juni, nyumbani kwa mtoaji, Nyegezi. Mtoaji: mjane wa mtengenezaji. Zawadi, hati Na. 9. Mkoba mmoja wa ngozi: daftari za mizani 3, barua 41, picha 12, karatasi huru kama 60. Miaka 1958–1975. Ulikaa kabatini chumbani kwa mtoaji tangu 1981. Barua 4 zimefungwa hadi 2045 kwa ombi lake. Mende wachache, friza wiki mbili. Sauti ya mahojiano: ona 2021/10. Rafu B3."

Namba hiyohiyo iandike kwa penseli laini nyuma ya kila picha, pembeni, na juu ya kila boksi. Kalamu ya wino hapana kabisa. Ukikosea, kata mstari mmoja juu ya kosa, andika sahihi pembeni, weka tarehe; usifute kwa rangi nyeupe. Mzigo ukiondoka, kwa kurudishwa au kuhamishiwa kwingine, namba yake haipewi mwingine.

9. Vilivyo kwenye simu na flashi

Siku hizi nusu ya vinavyoletwa havina karatasi. Hatua ni zilezile: nani alipiga, lini, wapi, ana haki ya kutoa. Yapo mambo machache ya ziada. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha imepunguzwa ubora. Mwombe atume kama faili, au anakili moja kwa moja kwenye flashi yako iliyopimwa virusi. Usibadilishe majina ya mafaili ya asili kabla hujaorodhesha yalivyokuja. Tumia programu ya bure inayokokotoa namba ya uhakiki ya kila faili, uihifadhi. Mwakani ukikokotoa tena na namba ikawa tofauti, faili limeguswa au limeharibika. Tunza nakala tatu, juu ya vifaa vya aina mbili, moja ikilala nyumba nyingine. Nyumba nyingine maana yake mtaa mwingine. Kabati la pili kwenye chumba hichohicho halihesabiki.

10. Kukataa

Nimeiweka mwisho lakini utaifanya mapema na mara nyingi. Kataa siku ileile. "Tutaangalia" ni ndiyo ya uongo, na mzigo ulioachwa "uangaliwe" utakaa miaka. Mimi husema, nikianza na asante ya Kisukuma: "Mzee, wabeja sana kwa kutukumbuka. Hiki kina thamani, ila hapa hakitapata kwao. Ngoja nikuandikie barua upeleke pale." Barua fupi, jina la pa kwenda, simu yake. Mtu aliyekataliwa kwa heshima hurudi na kingine.

Aliyekubaliwa naye apelekewe barua ndani ya mwezi, ikitaja namba ya mzigo wake, pamoja na nakala za picha alizotoa. Nilipompelekea bibi zake kumi na mbili, alizipanga mezani, akazihesabu mara mbili, akaniuliza, "Na ile ya kwenye mto?" Hakuwa ameniambia kwamba kuna ya kwenye mto. Nikatoa simu, nikawasha kinasa sauti, nikakaa.